Sahani za Dani na Tumbo la Chifu

Jumamosi jioni. Mvua iliyotusumbua wiki nzima imekatika, na leo jua limewaka mpaka nguo zilizokuwa zinanuka uvundo kwenye kamba zimekauka. Ua wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Kawangware umekauka pia, na kwangu hiyo ndiyo habari kubwa ya siku. Nimekaa kwenye kigoda mlangoni, simu mkononi. Miguuni pangu kuna mbwa anakoroma.

Mwezi unaisha leo. Nilikuwa nimeiogopa siku hii.

Kwa wanaopita kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: Dani ni mama mzazi wa baba yangu. Sisi Wajaluo bibi tunamwita Dani. Ploti nzima inamwita Shosho, kama Nairobi inavyowaita bibi wote, na yeye huitikia majina yote mawili bila ubaguzi. Alikaa Laini Saba, kule Kibera, kando ya reli, tangu kabla sijazaliwa. Mwaka huu magoti yakaanza kumkataa na paa likaanza kuvuja juu ya kitanda, nikamwomba aje tukae pamoja. Alikataa, akakataa, akakataa. Siku aliyokubali alitoa sharti moja tu: Chifu aje pia.

Chifu ndiye huyu anayekoroma. Ni mbwa koko wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala, na mkia umepinda kama mpini wa kikombe. Dani alimpa jina hilo alipokuwa bado mdogo, kwa sababu alikuwa akikaa mlangoni kifua mbele na kuwaangalia wapita njia kana kwamba kila mmoja amekuja kumwomba sahihi.

Niseme ukweli, mimi sikumtaka. Nyumba yangu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kazi yangu ni kurekebisha nguo za mitumba pale Soko la Toi, kupunguza viuno, kubadilisha zipu, kukata suruali za Wazungu warefu zimfae mtu wa hapa, na nikirudi jioni sina nguvu ya kulea hata kuku. Lakini kumpata Dani bila Chifu ilikuwa haiwezekani, kwa hiyo nikawachukua wote wawili.

Haukupita muda mrefu ploti ikawa ya Chifu. Mama Bryo, jirani wa mlango wa pili, hukaanga mandazi kando ya barabara na hutoka kabla hakujakucha. Chifu humsindikiza mpaka pale anapowasha jiko, humwangalia akikaa sawa, kisha hurudi nyumbani. Hakuna aliyemtuma. Wafula, anayekaa mlango wa mwisho na kufanya kazi ya ulinzi kwenye ghorofa za huko Ngong Road, humwita workmate, mwenzake wa kazi. Tangu Chifu aje, hakuna suruali iliyopotea kwenye kamba, na hapo nyuma zilikuwa zinapotea kama zina miguu. Na Dani akienda kwenye choo, ambacho kiko mwisho kabisa wa ua, Chifu hutembea kando ya goti lake kwa mwendo wa goti hilo, akisimama Dani anaposimama. Nilipoona hilo mara ya kwanza ndipo nilipoanza kumpenda.

Shida ikawa tumbo.

Sitaeleza sana, maana wengine mnasoma mkila. Itoshe kusema kwamba tumbo la Chifu halikutulia tangu afike hapa. Alihara kwenye mfereji, akahara nyuma ya tangi la maji, na siku moja mbaya alihara mbele ya nyumba ya mwenye ploti, Mama Wambui, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kufagia. Chifu mwenyewe aliona aibu. Alikwenda kujificha nyuma ya ndoo zangu na hakutoka mpaka Dani alipomwita.

Mama Wambui si mtu mbaya. Amezaliwa Kawangware, ploti hii aliachiwa na marehemu mumewe, na anakaa pale langoni kwenye nyumba ya mawe ambapo anaona kila anayeingia na kila anayetoka. Aliniita na kusema taratibu, bila kupandisha sauti.

"Achieng', mimi sina shida na umbwa. Shida yangu ni hii compound. Watoto wanacheza hapa. Mwezi ikiisha na hiyo tumbo bado, umbwa iende."

Ningependa kumchukia kidogo lakini alikuwa na haki. Watoto kweli wanacheza hapo, wengine bado wanatambaa.

Dani alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Kesho yake asubuhi nilipokuwa nikijitayarisha kwenda Toi, nilimwona amelitoa begi lake la zipu, lile alilokuja nalo kutoka Laini Saba, amelilaza kitandani na anakunja nguo zake moja moja na kuziweka ndani. Sikuuliza. Niliogopa jibu. Chifu akienda, Dani anaenda naye, arudi chini ya paa linalovuja, na magoti yale, peke yake.

Basi nikaapa kwamba tumbo hili litapona.

Nilianza vibaya. Kule Laini Saba Chifu alizoea ugali na mchuzi, na mtu mmoja pale sokoni aliniambia kwamba mbwa wa tumbo jepesi hupewa chakula kikavu, zile punje za dukani. Nikapita agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, jioni nikanunua cha kupimiwa, kutoka kwenye gunia lililo wazi pale mlangoni, kama tunavyonunua maharagwe. Dani aliziangalia punje zile kwenye bakuli, akachukua moja akainusa.

"Hiki ni chakula cha kuku," akasema. Dani huzungumza nami kwa Kijaluo, mimi ndiye ninayeandika kwa Kiswahili. "Sasa mnataka atage?"

Chifu hakutaga. Alihara zaidi. Nikarudi kwa gunia lilelile nikapata punje za rangi nyingine, maana kumbe gunia likikaribia kwisha humwagiwa la pili juu yake, na la pili si lazima liwe sawa na la kwanza. Sikuligundua hilo mapema. Nilidhani mbwa wangu ana laana.

Nikaamua kununua mfuko uliofungwa. Hapo nikafanya jambo ambalo nawakataza wateja wangu kila siku: nilichagua kwa sura ya nje. Mfuko ulikuwa na picha ya mbwa anayeng'aa, manyoya yamechanwa, nyuma yake milima. Ndani punje zilikuwa nyekundu, kijani na njano. Chifu alizipenda mno, tumbo lake likazikataa palepale.

Ndipo nikampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mpole mwenye buti za mpira anayekaa nyuma ya agroveti ile. Alimpapasa tumbo, akamwangalia fizi, akaniuliza kama kuna damu kwenye kinyesi, kama anatapika, kama anakunywa maji. Hakuna damu, hatapiki, maji anakunywa. Akampa dawa ya minyoo kwanza. Kisha akaniuliza anakula nini, nami nikamweleza safari yote ya gunia na mfuko wa milima.

"Sasa unambadilishia chakula kila wiki," akasema, "tumbo itazoea saa ngapi?"

Niliyojifunza siku ile nayaweka hapa, huenda yakamfaa mwenye mbwa wa aina hii. Mfuko usomwe mgongoni, si usoni. Kinachotajwa kwanza kwenye orodha ndicho kilicho kingi, na kwa tumbo jepesi unataka kuona nyama ya aina moja inayojulikana kwa jina, si "nyama na mazao yake" ambayo inaweza kuwa chochote. Wanga uwe laini, kama mchele. Mafuta yasiwe mengi. Rangi ni za kumfurahisha anayenunua, mbwa hajali. Mfuko uwe mdogo na uliofungwa, tarehe yake iwe mbali, maana mafuta ya chakula kikavu huchacha yakikaa wazi. Chakula kipya kisiingie kwa fujo: unaanza na kidogo ndani ya wali laini, unaongeza polepole kwa zaidi ya wiki, na unazirowesha punje kwa maji ya uvuguvugu. Maziwa hapana. Na ukishachagua, unatulia hapo.

Tulichagua cha samaki na mchele. Bei yake ilinishtua, lakini mfuko ulikuwa mdogo, nikaubeba. Nilipoufungua nyumbani, Dani akauinamia na kuunusa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Hiki angalau kinanuka nyumbani," akasema. Alimaanisha ziwani, alikozaliwa, ambako samaki huanikwa mpaka harufu yake inaingia kwenye kuta.

Nikamwomba kitu kimoja tu. Nikamwambia, Dani, tafadhali, usimpe Chifu chakula chetu hata tonge. Akaniangalia, akaahidi. Na Dani akiahidi kitu huwa sina haja ya kuuliza tena.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Nikaanza kutembea ndani ya ploti kichwa juu. Kisha, nilipokuwa nimeanza kujisifu pale Toi, tumbo likarudi kuwa lilelile.

Nilichanganyikiwa. Chakula kilikuwa sahihi, dawa ya minyoo alikunywa, maji yake nilikuwa nayabadilisha kila asubuhi. Nilianza kuushuku mfuko wenyewe, maana niliuweka chini ya meza na panya walikuwa wameanza kuutoboa pembeni. Halafu, najuta kuandika hili, nikaanza kumshuku Dani. Sikusema kitu. Lakini jioni nilikuwa nahesabu viazi kwenye sufuria kwa macho, na yeye aliniona nikifanya hivyo.

Mvua ndiyo iliyofichua mambo. Siku moja ya katikati ya wiki ilinyesha mpaka Toi ikawa matope matupu, wateja hakuna, nikafunga cherehani mapema na kurudi nyumbani mchana. Nikamkuta Dani mlangoni na sahani mapajani, ugali na omena, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa kwa nyanya. Alikuwa amekula nusu yake. Nusu nyingine alikuwa anaisogeza taratibu kwenye bakuli la Chifu, mbele ya macho yangu, bila haraka yoyote.

"Dani, si uliniahidi?"

"Niliahidi nini?"

"Kwamba hutampa chakula chetu."

"Na sijampa. Chakula cha nyumba hii hajakigusa. Hiki ni cha Mama Bryo."

Nikaketi hapo kwenye kizingiti, maji yananichuruzika kichwani. Dani akaona kwamba sielewi, akaniambia niingize mkono chini ya kitanda chake nivute beseni.

Ndani ya beseni, chini ya kitambaa safi, kulikuwa na sahani. Sahani za watu. Zimeoshwa, zimepangwa, kila moja na sura yake: ya bati, ya plastiki, ya udongo iliyochubuka ukingoni. Kila nyumba ya ploti hii ilikuwa na sahani yake mle ndani.

Akanieleza, na nilipomaliza kumsikiliza nilimwona upya mwanamke huyu niliyedhani namjua. Kumbe tangu afike, majirani wamekuwa wakimletea chakula mchana nikiwa kazini. Mwanzo walimletea kwa sababu ni bibi na yuko peke yake. Baadaye wakaanza kujaza sahani kupita kiasi, kwa sababu wanajua anakaa na Chifu, na kila mmoja alikuwa na shukrani yake kwa Chifu. Wafula aliweka mifupa ya kuku wa Jumapili pembeni. Mama Bryo aliongeza mandazi yaliyovunjika. Na Dani hakuweza kuikataa hata sahani moja. Kwake yeye sahani ya jirani hairudishwi mlangoni. Hairudi na chakula pia, maana hiyo ni kumwambia mpishi kwamba mkono wake ni mbaya. Yeye anakula kama ndege siku hizi. Kilichobaki kilikuwa na mdomo mmoja tu wa kukimaliza.

"Na mbona sahani zao ziko hapa?" nikamwuliza.

Akaangalia mikono yake.

"Sahani hairudi tupu," akasema. "Kule Laini Saba nilikuwa na kibanda cha mboga. Sahani ya mtu nilikuwa nairudisha na nyanya mbili, na majani ya sukuma. Hapa nitairudisha na nini, nyakwara? Nichote kwenye sufuria yako?"

Nyakwara ni mjukuu wangu. Huniita hivyo akiwa amenionea huruma, au akiwa amejionea huruma yeye mwenyewe, jambo ambalo ni nadra. Nilisikia aibu ya kuhesabu viazi, na nilimpenda zaidi. Muda wote huo nilikuwa nikimwona amekaa tu mlangoni na nikadhani anapumzika. Kumbe alikuwa anaona aibu juu ya beseni la sahani za watu, kwa sababu alikuwa na heshima kubwa kuliko vitu alivyonavyo.

Nikazipekua zile sahani, na chini kabisa nikakutana na moja nyeupe yenye maua ya buluu ukingoni. Sahani hiyo naijua. Nimewahi kuandaliwa keki juu yake nilipokwenda kulipa kodi.

"Dani. Hii si ya Mama Wambui?"

"Ndiyo. Huleta mukimo kila Jumapili akitoka kanisani. Mzuri sana, viazi vimepondwa laini, anatia mahindi mengi na mafuta."

Nilicheka mpaka Chifu akashtuka. Mwenye ploti anataka mbwa aondoke kwa sababu ya tumbo, na tumbo lenyewe Jumatatu linahara mukimo wake.

Baada ya kucheka nikapata wazo, na nilijiona mwerevu. Nikasema nitaandika kwenye kadibodi kwa kalamu nene, MSILISHE MBWA, nibandike langoni. Dani akatikisa kichwa.

"Ukimkataza mtu kutoa, utamfunza kunyima," akasema. "Mtu akizoea kunyima haanzi na mbwa akaishia hapo."

Nikamwuliza basi tufanye nini. Akasema nimtafutie mikebe, ile ya majani chai na ya mafuta ya kupikia, yenye vifuniko. Nilipata mingine Toi, mingine nikaomba kwa muuza chai. Aliiosha yote mwenyewe, akaikausha juani siku jua lilipochungulia. Kisha akaniambia nilete mfuko wa samaki na mchele.

Jumapili asubuhi, kabla ya watu kwenda kanisani, Dani alivaa nguo yake nyeupe na akatoka na magoti yake. Mimi nilibeba beseni. Chifu alitembea kando yetu. Tukapita mlango kwa mlango, na kila mlango Dani alirudisha sahani ya mwenyewe, na juu ya sahani kulikuwa na mkebe, na ndani ya mkebe punje za Chifu.

Sahani hazikurudi tupu.

Kiswahili cha Dani kina Kijaluo ndani yake, na hakuwahi kukionea haya. Mlangoni kwa Wafula alisema, "Asante ya kuku. Chifu anakupenda, lakini tumbo yake ni ya mzee. Ukitaka kumshukuru, mshukuru na hii. Kiganja moja, basi." Wafula, aliyekuwa ametoka kazini macho mekundu, aliupokea mkebe kwa mikono miwili.

"Shosho, mimi sahani ikikaa nilidhani umeipenda tu," akasema. "Nikasema wacha akae nayo."

Mama Bryo alitaka kulia. Aliniangalia mimi, si Dani, akauliza, "Kwani ni sisi tumekuwa tukimgonjesha?" Dani akamshika mkono akamwambia mandazi yake ni matamu na asiache kumletea, ila ya kumtosha bibi mmoja tu. Na bakuli la Chifu la nyumbani tukalipunguza, ili viganja vya watu viwe sehemu ya chakula chake, si nyongeza.

Tulimalizia na mlango wa langoni, kwa Mama Wambui. Mimi nilitaka kubaki nyuma. Dani akabisha hodi mwenyewe.

Mama Wambui alitoka akiwa amevaa kofia ya kanisa. Akaiona sahani yake yenye maua ya buluu, akaona mkebe juu yake, akamwona Chifu ameketi pale chini kifua mbele kama kawaida yake.

"Mama Wambui, asante ya mukimo," Dani akasema. "Mimi nakula, na Chifu nakula. Lakini tumbo yake imekataa."

Nilimwona Mama Wambui akifikiri. Macho yake yalitoka kwenye sahani yakaenda kwenye ua, mpaka kwenye ule mfereji, yakarudi.

"Haiya," akasema polepole. "Kwani ni mimi?"

"Ni sisi sote," Dani akamjibu.

Na hapo nilimstahi Dani kuliko nilivyowahi kumstahi mtu. Mimi ningeshindwa kuuzuia ulimi. Ningemkumbusha maneno yake ya mwezi na mbwa, ningepata raha ya dakika moja, na tungehama. Yeye alimpa yule mama nafasi ya kuwa mmoja wetu.

Mama Wambui aliupokea mkebe. Hakuahidi kitu. "Tutaona mwezi ikiisha," akasema, akafunga mlango ili akajitayarishe.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Asubuhi nilikuwa nakagua mfereji kabla ya kupiga mswaki. Tumbo la Chifu halikupona kwa siku moja, lilikwenda kwa kusuasua. Siku ya kwanza hivyohivyo, siku ya pili afadhali, kisha ikafika asubuhi moja ambapo nilikuta kitu kigumu, kikavu, cha heshima kabisa, nikamwita Dani aje akione. Alikuja. Tukasimama pale sote wawili tukikitazama kwa furaha, na Mama Bryo akipita na unga wake akatuuliza kama tuko sawa.

Nilichokuwa bado sijui ni hatima ya lile begi. Tangu asubuhi ile ya kukunja nguo, lilikuwa limefungwa zipu na kusukumwa chini ya kitanda. Nililiona kila nilipofagia. Sikuligusa na sikuuliza.

Leo mchana, jua likiwa kali, Mama Wambui akaja. Mimi nilikuwa nafua, Dani alikuwa anachambua omena kwenye ungo mlangoni, Chifu amelala kivulini. Mama Wambui hakuja kwetu moja kwa moja. Alizunguka ua mikono mgongoni. Aliangalia mfereji. Aliangalia nyuma ya tangi, akasogeza tofali kwa ncha ya kiatu akatazama chini yake. Povu lilikuwa linanikauka mikononi na sikuweza kuendelea kufua. Dani aliendelea kutoa vichwa vya omena, kimoja kimoja, kana kwamba hajamwona.

Kisha Mama Wambui akaja akasimama mbele yangu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa mkebe wa majani chai.

"Imeisha," akasema. "Nijazie."

Basi. Dani hakuinua kichwa, ingawa niliona bega lake moja likishuka.

Nikaingia ndani haraka kabla uso wangu haujanisaliti. Chini ya meza, nilipouacha asubuhi, mfuko wa chakula haukuwepo. Nikauliza kwa sauti uko wapi.

"Angalia kwa begi," Dani akajibu kutoka nje. "Panya hawawezi zipu."

Nikapiga magoti nikalivuta lile begi lililokuja kutoka Laini Saba, nikalifungua. Nguo hazikuwemo. Kulikuwa na mfuko wa samaki na mchele, umekunjwa mdomo vizuri na kufungwa kwa uzi wangu wa kushonea. Nikainua macho. Nyuma ya pazia, kwenye misumari niliyompigilia alipofika na ambayo hakuwahi kuitumia, nguo zake zote zilikuwa zimetundikwa, na ile nyeupe ya kanisa ilikuwa mbele kabisa.

Nilikaa pale chini muda mrefu, mpaka Mama Wambui akaniita kuuliza kama nimelala. Nikaujaza mkebe mpaka juu.

Kesho ni Jumapili. Mukimo utakuja, na sasa wa kuumaliza ni mimi, kwa hiyo leo silali na shibe.